Mama Mkwe Amemnyima Mtoto Maji

Kwako Bi Sauda, nakuomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu hapa Matiliku nikimwambia mtu haya yatafika kanisani kabla yangu. Kitinda mimba wangu Kanyiva ana miaka tisa na anaugua saratani ya damu, tunampeleka matibabu tangu mwaka jana, na mume wangu Mwangangi amesimama nami vizuri, sina neno baya juu yake, shida yangu ni mama yake. Alihamia kwetu kunisaidia na kwa kweli amenisaidia, ndiye humwogesha Kanyiva na kumwimbia nikiwa sokoni nauza ndengu. Sasa mwezi uliopita mtoto alianza kulia kwa maumivu ya mgongo na miguu, tukaenda hospitali, daktari akapima damu akasema kalsiamu imepanda sana, kwamba ugonjwa unaitoa kwenye mifupa na kuimwaga kwenye damu, akamlaza, akawekewa maji mpaka ikashuka, na tukaambiwa dalili zikirudi tusingoje. Nilipomweleza mama mkwe alinitazama kama nimechanganyikiwa, akasema mtoto akiumwa na mifupa anahitaji kalsiamu zaidi, hilo kila mtu analijua, akanunua vidonge kwa kemisti na humpa kila asubuhi pamoja na maziwa, na Mwangangi akaniambia mama amelea watoto saba, niache ubishi.

Wiki hii Kanyiva anakunywa maji hayamtoshi na anakojoa kitandani, jambo aliloacha akiwa mdogo kabisa, mama mkwe akamfokea na kuondoa jagi chumbani, anasema akinyimwa maji godoro litakauka. Chakula anatapika, choo hapati, na leo ameniita Shangazi, nikamuuliza mimi ni nani, akanitazama tu akalala tena. Kliniki yake ni wiki ijayo na Mwangangi anasema tungoje. Bi Sauda, nimpinge vipi mama mkwe bila kuvunja nyumba yangu? Simu yangu ndiyo hii ninayokuandikia.

Mama Kanyiva, Matiliku

BI SAUDA ANAJIBU

Mama Kanyiva, sisi wawili tumeshaongea. Najibu hapa kwa ruhusa yako, kwa ajili ya mama mwingine kule Nunguni au Mwingi mwenye mtoto kama wako.

Ujumbe wako niliusoma hadi mwisho, nikakupigia papo hapo. Simu ilishikwa na Mwangangi. Nilimwambia mimi si daktari, nina swali moja tu: daktari aliwaambia mfanye nini dalili zikirudi?

"Tusingoje," akasema.

"Na sasa mnangoja nini, baba?"

"Mama alisema ni uvivu wa kuamka."

Nikamwambia huyo si mtoto mvivu. Mrudishieni maji kama anaweza kumeza, chukueni vile vidonge daktari avione, na muondoke sasa hivi. Kwa heshima yake, hakubishana. Aliomba gari la jirani, na kabla usiku haujaingia mlikuwa hospitalini.

Kalsiamu ilikuwa imepita ile ya mwanzo. Mwili ulikuwa umekauka na moyo haupigi sawa. Siku mbili Kanyiva hakumjua mtu. Kisha akaamka akaomba uji. Namshukuru Mungu, lakini sitakuficha alilokuambia daktari: kalsiamu imepanda kwa sababu saratani imepata nguvu tena, na vidonge viliongeza tu ubaya. Dawa mpya zinaanza, na hakuna aliyekuahidi mwisho wake. Lia, mama. Una haki ya kulia.

Ukimaliza, nikugombeze. Uliniuliza habari ya nyumba, na mtoto alikuwa anakauka mbele yako. Ulimsikia daktari kwa masikio yako mwenyewe. Mama mkwe aliyekasirika huombwa msamaha baadaye, hata mwaka mzima ukipita. Mtoto asiyekufahamu hasubiri kliniki ya wiki ijayo.

Kuanzia sasa, kidonge chochote, hata cha vitamini, kisimfike mdomoni kabla daktari hajakubali. Akiwa na kiu isiyoisha, akikojoa ovyo, akitapika, akikosa choo au akichanganyikiwa, mpeleke siku hiyohiyo. Maji asinyimwe kamwe. Mwangangi akisita, tangulia na mtoto, atakufuata.

Mama mkwe usimfukuze. Umenieleza kwamba Mwangangi alimpeleka wodini, daktari akamweleza kwa Kikamba mpaka akaelewa, naye akafunika uso kwa leso. Alimpa mjukuu alichoamini kitamponya. Arudi kazini kwake, aogeshe, aimbe, lakini dawa zishikwe na wewe.

Limebaki moja. Kanyiva bado anadhani alilazwa kwa sababu ya kukojoa kitandani, na anawaomba wauguzi wasimpe maji. Usimweleze wewe. Mkalishe nyanya yake hapo kitandani, amwambie yeye mwenyewe kwamba ulikuwa ugonjwa na hakukosa lolote, kisha ampe kikombe kwa mkono wake. Aliyemfokea ni yeye, na kutoka kwake mtoto ataamini.