Jogoo wa Baba Ukumbini

Shanghai, 3 Machi

Kaka Baoshan,

Salamu nyingi. Hamjambo huko? Goti la mama je? Mimi mzima, ila ugonjwa wa kutaka sifa haujapona. Makumbusho yamenipa ukumbi mzima kwa onyesho langu la sanaa. Nitaweka ulingo wa mchanga, majogoo wawili, na sheria moja ya wahenga wa falsafa ya Dao: binadamu asiingilie. Jogoo mmoja ninaye. Wa pili niazime Jemadari, yule jogoo wa baba.

Mdogo wako,
Yuzhen

Kaifeng, 9 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Goti la mama linalalamika kuliko mwenyewe. Jemadari ndiye wa mwisho wa uzao wa majogoo wa baba. Hauzwi, lakini ndugu hanyimwi. Nitamleta kwa treni, kapuni, chini ya kabichi. Ila desturi unaijua: akichoka namtoa, nampulizia maji kichwani kwa kinywa, apumue. Niahidi.

Kakako

Shanghai, 13 Machi

Kaka,

Nakuahidi. Njoo.

Mdogo wako

Shanghai, 28 Machi

Kaka yangu,

Hujambo? Mkono ulionipigia umepona? Mimi nimelazwa, taya limefungwa kwa waya. Wauguzi wanasema hawajawahi kupata mgonjwa mtulivu hivi.

Ile ahadi nilikuwa nayo, ila ukumbi mzima ulikuwa umebana pumzi! Jemadari alipong'olewa jicho ukapiga kelele, "We Yuzhen, nimtoe!" Nikakujibu, "Kaka, usinitie aibu mbele za wageni." Ukaruka ukuta wa ulingo. Nikaja kukuvuta, ukanipasua mdomo, ukanikalia kifuani, ukanivunja taya, yule jogoo mwingine akinichana sikio. Nikawaita walinzi.

"Bosi, si ulisema lolote litokee tusiingilie?"

"Ananiua!"

"Ndiyo, bosi. Tunaona."

Watu wakapiga makofi hadi ukaondoka na jogoo wako. Mama mmoja alilia, akasema tumeigiza vizuri kuliko opera. Wakubwa wa makumbusho wanaomba urudi mwezi ujao, tufanye tena. Mchanga wenye damu hawajaufagia. Jemadari anaendeleaje?

Mdogo wako

Kaifeng, 1 Aprili

Bwana Zhai Yuzhen,

Mama mzima. Mkono haujambo.

Jemadari alikufa kwenye treni, ndani ya koti langu, kabla hatujafika kituo cha Xuzhou. Hakuacha hata kifaranga.

Sirudi. Nawe Qingming, sikukuu ya kuzuru makaburi, usije kufagia kaburi la baba. Wenye majogoo wote wa hapa watakuwepo, wamesikia ulivyomwacha Jemadari, na sijawakataza kuja na fimbo.

Mama sijamwambia. Kila jioni anakutengea bakuli la tambi. Nalila mimi.

Zhai Baoshan