Kichwa cha Mwalimu Nimekiacha Nusu

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Kiti cha kunyolea nimekishona upya.

Unanijua: miaka arobaini ya ukinyozi sijaacha kichwa nusu. Mkojo ukinibana, nami naubana. Maji sinywi, yasije yakaniinua. Hawa vinyozi wa siku hizi hawaniwezi.

Basi mwezi uliopita mkojo ukaanza kuchoma kama pilipili, kisha nikaona damu. Nikajua ni ile saratani iliyomuua kaka yangu. Nikamficha mama yako, nikanoa mikasi ya kukuachia.

Mama yako alipofua suruali akaona, akaniburuta zahanati. Wakapima mara mbili. Daktari, binti wa rika lako, akasema, "Mzee, ni maambukizi ya njia ya mkojo, yanatibika. Maliza dawa, kunywa maji, ukibanwa nenda."

"Na kichwa cha mteja?"

"Kitakusubiri. Hakina miguu."

Dawa nimemaliza, wamenipima tena, safi. Jana nilibanwa katikati ya kichwa cha mwalimu. Nikaweka wembe chini, nikaenda. Haukuchoma hata kidogo, mwanangu! Nilicheka peke yangu mle chooni.

Niliporudi, mwalimu alikuwa palepale, kipara upande mmoja. Angekwenda wapi?

Ni mimi baba yako, kinyozi asiye na mpinzani.