Nimeitwa au Nimebipiwa?

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Kwa majonzi makubwa nautangazia ukoo, marafiki na wasomaji wako wote kwamba mluzi wangu umefariki. Ulikuwa mluzi wa nyimbo za kanisani, niliupiga kila Alhamisi mchana nikifunga kibanda changu cha kunyolea na kwenda hospitali kuwanyoa bure wagonjwa wa wodi ya wanaume, maana siku moja ibadani nilisikia moyoni kabisa, "Wewe una mashine, wale wana ndevu," nikajua ni Mungu, kwa sababu mimi mwenyewe nisingewaza jambo la bure. Mwanzoni nilikuwa nawaka, Shangazi, nikishika kidevu cha mgonjwa natamani kulia, lakini siku hizi nashika kidevu nasikia kidevu tu, na huku mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye hunyoa kama anapalilia, kila Alhamisi anazoa wateja wangu, halafu wananirudia na vichwa vyenye ngazi, wanaona haya hata kunitazama.

Kilichonimaliza ni mzee mmoja wa kitanda cha dirishani, dereva mstaafu wa malori, miguu haimbebi tena ila mdomo haujaugua. Kaniona nimenuna, akaniuliza, "Fundi, huyo Mungu wako alikupigia au alikubipu?" Wodi nzima ikacheka, hata mwenye nyuzi tumboni alicheka huku kazishika. Neno likaniganda. Kama alinipigia, mbona sauti siisikii tena? Labda alibipu tu, akakata, mimi nikajifanya nimeitwa.

Nikamweleza mke wangu kwamba sisikii kitu tena, akanijibu bila kuinua kichwa, "Baba watoto, kwani mimi nikikufulia soksi huwa nasikia nini?" Unaona nisivyopata wa kunielewa. Basi Alhamisi iliyopita sikwenda, nikashinda kibandani, na wateja hawakuja kwa sababu wameshazoea kwamba siku hiyo nafunga. Juu ya hayo muuguzi wa wodini kaja kunilaumu, ati yule mzee kakataa kunyolewa na mtu mwingine, anasema, "Mimi nina kinyozi wangu," na ndevu zinamwasha. Huo si usumbufu? Nataka kuacha, lakini naogopa nisije nikawa namkatia Mungu simu. Nifanyeje?

Kinyozi Asiye na Mluzi

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba wa mluzi. Sikutanii. Kazi ya Mungu ikikupoa mikononi inauma vibaya, na wengi wetu tumekaa kwenye ubaridi huo tukiona aibu kusema, tukaishia kuimba kwa sauti kubwa zaidi. Wewe umesema. Hiyo nayo ni sala, japo umeituma gazetini.

Lakini hebu isome tena barua yako. Yule wa ng'ambo umemlilia mapema kabisa, na mzee anayewashwa umemtupa mwishoni, ukamwita usumbufu! Mtu anayekukejeli mbele ya wodi nzima kakataa wembe wa mwingine, anangoja wako. Ulitaka dereva wa malori akwambie, "Mwanangu, naogopa utaacha kuja"? Hawezi. Yeye kapiga honi.

Na huko kubipiwa, kwani hukujui? Anayebipu hajakosea namba. Anataka wewe umpigie, na gharama ni yako. Basi mpigie. Alhamisi funga kibanda, nenda. Kabla hujawasha mashine sema, "Bwana, nimekuja," inatosha, usisimame kusikiliza kama moyo umetetemeka. Ukisikia kidevu tu, nyoa kidevu. Mzee mwombe radhi, usimhubirie. Tafuta na mwenzako wa kanisani muwe mnakwenda pamoja, ukuni mmoja haukai na moto. Mkeo amekujibu kabla yangu, tena bila stempu, kwa hiyo leo soksi fua mwenyewe. Mluzi usiukimbize, ukitaka kurudi njia unaijua.

Kama ulipigiwa au ulibipiwa, hilo utamuuliza mwenyewe mkionana. Alhamisi ni kesho kutwa, na ndevu zinaota.