Jaji Asiyesikika

Los Sabinos, Kolorado
3 Septemba 2024

Mwanangu Isaura,

Salamu nyingi kutoka kwa mwalimu wako wa darasa la sita. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Pueblo, wewe na mumeo Bernal, na yule paka wenu mwenye kiburi kama bado yu hai. Mimi sijambo, kwa kadiri ya mtu wa miaka themanini na saba. Daktari anasema moyo wangu unaweza kunifikisha kwenye theluji. Nikamuuliza, "Theluji ya kwanza au ya mwisho?" Akacheka, kisha akaacha kucheka, nikapata jibu langu.

Sijakuandikia kwa miaka kumi na miwili. Sababu yake unaijua nusu. Nusu nyingine naijua mimi peke yangu, na sitaki kuzikwa nayo.

Unakumbuka mwaka jina lako lilipopelekwa kwa wapiga kura, waseme uendelee na ujaji au usiendelee. Mimi nilikuwa kwenye tume ya kutathmini majaji, mmoja wa wale wasio mawakili. Tulisoma hukumu zako, tukasoma maoni ya mawakili na ya wananchi waliokaa barazani mwako, na kila mjumbe akaenda kukaa mahakamani bila kujitangaza, akutazame kazini. Mwisho tuliandika aya chache za kijitabu cha buluu, kile kinachotumwa kwa wapiga kura majumbani. Wewe unajua, na mimi najua, kwamba watu wa bonde hili hawasomi hukumu. Wanasoma aya ile mezani jikoni, kalamu mkononi, huku sufuria inachemka.

Mimi nilikuja Jumanne moja ya Machi. Nilikaa safu ya nyuma karibu na hita. Isaura, sikusikia kitu. Nilikuona unasema, nikaona wakili anasema, nikaona shahidi analia. Vyote vilikuwa kama samaki ndani ya bakuli la kioo.

Fomu iliuliza: "Je, ulisikia yote yaliyosemwa?" Nikatia alama kwenye hapana, na huo ulikuwa ukweli. Chini yake iliuliza: "Sababu?" Nikaandika: Jaji ana sauti ndogo.

Sasa sikiliza nusu yangu. Kabla sijaandika neno hilo, nilitoka nje kupumzika kwenye ngazi. Ilikuwa saa sita kamili. Nikaona njiwa wote wa kanisa la Mtakatifu Isidori wanaruka kwa pamoja kutoka mnarani, kama wanavyoruka kila siku kengele inapolia. Niliwaona njiwa. Kengele sikuisikia. Nikasimama pale nikajua, mwanangu. Nikajua kabisa tatizo liko kichwani mwa nani. Kisha nikarudi ndani, nikaandika nilichoandika.

Tulipokutana kupiga kura, wajumbe tisa, maana mmoja alikuwa mgonjwa, mwenyekiti, aliyekaa mkabala nami nikimsoma midomo, aliniuliza, "Mwalimu Vialpando, una hakika? Mawakili hawakulalamikia sauti yake." Nikamjibu, "Mimi nilimfundisha msichana huyo. Tangu darasa la sita alikuwa na sauti ya panya ndani ya gunia la unga." Wakacheka. Tukapiga kura. Watano wakasema hufikii viwango, wanne wakasema unafikia. Mimi nilikuwa wa tano. Na Novemba ukaanguka kwa kura sitini na moja.

Sikuwa na chuki nawe. Nilikuwa na aibu ya masikio yangu, nikakuvika wewe. Sikuombi kitu, isipokuwa unijibu kabla ya theluji.

Mwalimu wako,
Eliseo Vialpando


Los Sabinos
24 Septemba 2024

Mwanangu Isaura,

Habari za siku nyingi? Mimi naendelea kuwepo. Wiki tatu zimepita, na nimeanza kumshuku mtu wa posta, ambaye pia nilimfundisha na hakuwa hodari wa kusoma anwani.

Mjukuu wangu Nieves ndiye anayenitunza. Jana alichoma pilipili mbichi gunia zima, mtaa mzima ukapiga chafya, nikala tatu dhidi ya amri ya daktari. Nilimsimulia habari yetu. Nilitegemea atashtuka.

"Babu," akaniandikia kwenye kibao changu, maana nyumbani tunazungumza kwa chaki, "ni nani hakujua kwamba husikii?"

"Kwaya haikujua," nikasema.

Akacheka hadi akashika meza. Kumbe kwa miaka tisa kwaya ya Mtakatifu Isidori ilikuwa ikimfuata mpiga kinanda, na mimi nilikuwa pale mbele napunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Hata Krismasi! Hata siku alipokuja askofu!

Nimefanya jambo moja. Nimeiandikia tume, nikawaambia kwamba maneno yangu ya mwaka ule yalikuwa ya uongo na wayafute. Kijana mpole sana amenijibu kwamba faili limefungwa, wajumbe wote wa wakati ule wamemaliza muda wao, na hakuna fomu ya mjumbe kujikanusha mwenyewe. Nimemwandikia tena kwamba basi watengeneze.

Kama umekasirika, kasirika kwenye karatasi. Usinijibu kwa huruma ya mtu anayekufa, nijibu kama jaji.

Mwalimu wako,
Eliseo


Pueblo
2 Oktoba 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Paka yu hai na kiburi kimeongezeka. Bernal anakusalimu. Pole kwa moyo, na hongera kwa pilipili tatu.

Mtu wa posta hana kosa. Barua yako ya kwanza ilifika siku ya tatu. Nimeiandikia majibu manne na kuyachana yote, na hili ni la tano, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Mwalimu, nilijua.

Jumanne ile nilikuona tangu unaingia. Kutoka kitini mwa jaji huonekana mpaka anayesinzia safu ya mwisho. Asubuhi ile wakili Sotelo aliangusha meno yake ya bandia katikati ya hoja, mahakama nzima ikalipuka, hata mshtakiwa, hata askari wake. Wewe peke yako uliendelea kuandika, uso mkavu kama wa mtakatifu kwenye dirisha la kanisa. Nikajisemea, maskini, mwalimu wangu hasikii tena. Mchana kutwa nilikuwa nikikutazama, nikisubiri uhamie safu ya mbele. Kulikuwa na viti vitupu sita.

Rasimu ya aya yenu iliponifikia, nilikuwa na siku kumi za kuijibu. Niliandika jibu zuri. Karani wangu alisoma akasema, "Jaji, hili linakuokoa. Mzee ni kiziwi, basi." Nikaliweka kwenye mtoto wa meza, na siku ya kumi ikapita.

Unajua kwa nini. Darasa la sita nilikuwa siuoni ubao. Nyumbani miwani ilikuwa ndoto. Hukuuliza neno mbele ya wenzangu. Ulisema tu, "Isaura, njoo kaa hapa mbele, nahitaji mtu wa kunifutia ubao." Nikafuta ubao wako mwaka mzima kwa fahari, na mwezi wa pili nikakuta miwani kwenye kopo la biskuti ndani ya dawati langu. Mpaka leo hujawahi kusema ilitoka wapi. Sasa mimi ningesimama vipi mbele ya bonde zima niseme, mwalimu wangu ni kiziwi?

Lakini usinifanye mtakatifu. Nilinyamaza pia kwa sababu nilidhani nitashinda. Majaji huwa hawaanguki! Nilipoanguka nililia wiki mbili, na Bernal akala mayai wiki mbili.

Kwa hiyo kesi ya masikio niliifuta zamani. Ya panya, hapana.

Mmoja wa wale wanne alikuja kunisimulia. "Panya ndani ya gunia la unga." Na jinsi mlivyocheka. Mwalimu, ni wewe uliyenifundisha kusimama na kusoma kwa sauti. Uliniambia sauti yangu ni ndogo lakini imenyooka, kwamba mtu akitaka kuisikia ataisikia. Niliishi kwa neno hilo. Nililipeleka mpaka chuo cha sheria, nikalipeleka mpaka kwenye kile kiti. Kisha ukalichukua na kulifanya kichekesho cha kuokoa uso wako. Hilo ndilo lililonihamisha bondeni. Lile la kura sitini na moja ningelibeba.

Umetaka hukumu, haya ipokee. Siku hizi nasuluhisha wakulima wanaogombania maji. Ijumaa, tarehe 18 Oktoba, saa nne asubuhi, nitakuwa ukumbi wa mji hapo hapo Los Sabinos, watu wa mfereji wa juu na wa chini watakuwa wanapigiana kelele mbele yangu. Ninakuamuru ununue vifaa vya masikio, uvivae, uje, ukae safu ya mbele, utathmini upya. Ukiwa na sababu ya kuandika panya, andika panya.

Mwanao,
Isaura


Los Sabinos
9 Oktoba 2024

Mwanangu Isaura,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekaa jikoni nikilia, Nieves akadhani ni vitunguu, nami nikamwacha adhani.

Kuhusu panya sina utetezi. Sitautafuta.

Vifaa vimepatikana. Fundi wa masikio, binti mdogo, aliniambia nimechelewa miaka kumi na tano. Nikamwambia ninajua hesabu hiyo kuliko yeye. Alipoviwasha niliruka. Kumbe friji yetu hunguruma! Kumbe Nieves huguna kila nikisema jambo. Amekuwa akiguna kwa miaka, mbele ya uso wangu, bila adhabu.

Daktari hataki nitoke. Anasema baridi itanimaliza. Nimemwambia nina wito wa mahakama.

Tafadhali usipaze sauti kwa ajili yangu. Ukipaza, tathmini itakuwa batili.

Mwalimu wako,
Eliseo


Los Sabinos
21 Oktoba 2024

Mwanangu Isaura,

Hujambo? Ulifika salama? Mimi niko kitandani tangu Jumamosi, na daktari alinitazama jana kwa macho ya "nilikuambia". Nieves ndiye anayeshika kalamu, mimi nasema. Tayari ameguna mara mbili.

Karatasi za kura zimefika leo kwa posta, pamoja na kijitabu cha buluu. Kuna majaji watatu safari hii. Nimemwambia Nieves anisomee kila aya mpaka mwisho, kisha anisomee ni wajumbe wangapi wa tume waliopiga kura upande wa pili.

Hii hapa tathmini yako. Nakala nimempelekea yule kijana wa tume. Barua yangu ya pili alikwisha kuijibu: ametengeneza fomu.

Mtathmini alikaa safu ya mbele, ndani ya blanketi mbili. Aliona wakulima kumi na tisa wakisema wote kwa pamoja, na mmoja, Onofre Lucero, akipiga meza kwa buti. Jaji hakupaza sauti. Alisema, "Onofre, vaa kiatu chako, tutakusikiliza." Onofre akavaa. Ukumbi ukainama mbele ili usikose neno lake, na watu wa nyuma kabisa, walio viziwi zaidi ya mtathmini, walikuwa wakiitikia kwa vichwa. Alimsikiliza wa mfereji wa chini kwa muda uleule aliompa wa mfereji wa juu. Alipokosea jina la mtu aliomba radhi.

Je, ulisikia yote yaliyosemwa? Ndiyo.

Sauti ya jaji ni ndogo na imenyooka. Anayetaka kuisikia ataisikia. Mwaka 2012 mtathmini hakutaka, na aliyoyaandika na kuyasema kwa mzaha yalikuwa uongo, na anajua tangu siku ile kwamba yalikuwa uongo.

Waliohudhuria: mmoja. Anafikia viwango: kura moja. Hafikii: hakuna.

Nieves anataka nipumzike. Ngoja kidogo, nimemwambia, ni saa sita. Amefungua dirisha ingawa kuna baridi. Theluji imeanza, nyepesi tu, kama unga.

Kengele hiyo. Na baada yake, Isaura, kitu ambacho hata nilipokuwa na masikio yangu sikuwahi kukitilia maanani: mabawa ya njiwa.

Mwalimu wako,
Eliseo