Shangazi Alimjibu Mgeni

Butiama, Jumanne. Asubuhi mawingu mazito, upepo wa baridi, mvua bado.

Mdogo wangu Neema, mnaendeleaje huko Dodoma?

Jana yule mama wa Ayalandi anayefuatilia ukoo wake alifika kwa Shangazi na karatasi zake: cheti cha ubatizo cha Tomasi, ndugu wa babu yake, na orodha ya abiria wa meli iliyomleta Afrika kufanya kazi mgodini. Mimi nikawa mkalimani. Aliuliza kama Tomasi aliacha mtoto huku.

Miaka yote namuuliza Shangazi nani alimzaa babu yetu, ananijibu, "Nilishasahau, mwanangu." Jana hakusahau kitu! Tukila ugali wa mtama na samaki sato, alimweleza mgeni kwamba aliyemzaa babu ni huyo Tomasi, kwamba alimbebaga mtoto mgongoni kwa kanga, watu wakamcheka, na kwamba homa ilimuua kabla hajatoa ng'ombe wa mahari. Mgeni akalia. Shangazi akamshika mkono. Wangu hakuugusa.

Nikamuuliza kwa wivu: "Shangazi, mbona mimi ulininyimaga?"

"Huyu kesho anaondoka na aibu yetu. Wewe ni wa humu ndani, ungebaki nayo. Umemtafsiria yote?"

"Yote."

"Basi na wewe umesikia. Usiniulizage tena."

Jibu nimelipata, Neema, ila lilipita mdomoni mwangu likienda kwa mwingine.

Wakumbatie watoto, Mungu awatunze. Dada yako anawapenda. Usingizi ulinipata saa tisa usiku.