Mkono wa Mjomba na Daraja la Bondeni

Appenzell, 8 Aprili

Mpwa wangu Marlis,

Salamu nyingi kutoka milimani. Mimi mzima, goti tu linanung'unika theluji ikiyeyuka. Wewe huko Geneva na kazi yako ya saa, waendeleaje?

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini ukweli usemwe: Uswisi nzima inaendeshwa kwa mkono wangu wa kulia. Kule Bern wapo mawaziri saba, urais wanapokezana kila mwaka kama zamu ya kuosha vyombo. Watafanya nini wale? Huku kwetu sheria hupita uwanjani, kwa kuinua mikono, na wangu ukipanda, ya wengine hufuata. Mwaka ule niliokuwa na mafua, bajeti ya jimbo ilikwama.

Mama yako kanieleza habari ya daraja lililosombwa na mafuriko. Usihofu. Siku ya mkutano nitavaa upanga wa babu yako, ambao kwetu wanaume ndiyo kadi ya kura, nipande jukwaani niseme dakika ishirini, lijengwe upya. Wewe funga mizigo.

Mjomba wako,
Emil

Geneva, 15 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Goti likande kwa maji ya moto. Mimi sijambo, ila macho yamechoka na vigurudumu vya saa za matajiri.

Hili si la mchezo, mjomba. Mwenye malisho ya juu yuko tayari kunikodishia, pamoja na zizi na chumba cha jibini. Lakini bila daraja maziwa hayashuki, na mimi nitazeekea hapa dirishani. Mama anasema kwenye harusi yake ulisimama kutoa nasaha, ukasema "chakula kipo," ukakaa. Na mkanda wa upanga ule umechakaa kuliko daraja lenyewe. Kweli utahutubia?

Mpwa wako,
Marlis

Appenzell, Jumapili ya mwisho ya Aprili, jioni

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima, na umekaa kitako. Daraja limepita.

Mwenye hoteli mmoja alitangulia jukwaani, akasema bonde letu lina ng'ombe wengi kuliko wapigakura, afadhali fedha zijenge maegesho ya watalii. Watu wakaanza kutikisa vichwa kumkubalia. Nikapanda. Uwanja kimya, hata kengele ya kanisa iliniheshimu. Ile hotuba, mwanangu, ikanitoka kichwani yote. Nikasema: "Watalii huja kutazama ng'ombe. Ng'ombe hawaruki mto. Na mpwa wangu anataka kurudi nyumbani."

Walicheka. Mkuu wa jimbo alipouliza nani anakubali, mikono ilisimama kama msitu wa misonobari, hakuhangaika kuhesabu. Hata mwenye hoteli aliinua wake, nusu. Njoo mapema, Juni ng'ombe wanapanda.

Jambo moja, ulisikie kwangu kabla mama yako hajakupigia simu. Mkanda ule ulikatika nikishuka ngazi, nao ndio uliokuwa umeshika suruali. Kwa hiyo katika mikono yote iliyopanda, wangu haukuwamo. Yote miwili ilikuwa kazini.

Mjomba wako,
Emil