Murugi Amelala Tu

Jumapili, 4 Februari 1968. Nyeri

Sauti imenikauka. Leo kanisani nilifungua mdomo, wimbo ukakataa kutoka. Ni kazi ya Kangema hiyo. Jana watu walijaa uwanja wa soko, nami nikaongea kwenye kipaza sauti saa mbili mfululizo. Kazi ya gari la sinema ndiyo hii: Dawud anaendesha na kuzungusha mashine, mimi naeleza. Filamu zinasema Kiingereza, watu hawakijui, basi mimi ndiye daktari, mimi ndiye mwizi, mimi ndiye bibi harusi. Rili ya filamu ikibadilishwa, natangaza sabuni.

Jana tulionyesha ile ya daktari. Murugi ni mtumishi wake, anampenda kimya kimya, mwishowe anakunywa sumu ili daktari amwoe bibi wa Kizungu. Ndivyo inavyosema karatasi ya maelezo inayokuja na filamu. Mimi nasema amekunywa dawa ya mafua, amelala tu, kesho atapanda treni arudi kwa mamake. Daktari akamfunika shuka mpaka usoni. Mtu wa nyuma akauliza, sasa mbona anamfunika uso? Nikasema ni mbu.

Mbu! Kangema, kwenye baridi ya majani chai! Halafu nyanya mmoja wa mbele akawaelimisha wenzake kwamba huko pwani mbu ni wengi sana, mwanawe alimweleza. Dawud alicheka nusura aangushe mashine.

Jina hasa la anayemwigiza Murugi ni Opal Leong. Mchina wa kuzaliwa Amerika. Opal halikukaa vizuri mdomoni mwa watu, nikambatiza Murugi, yaani mpishi kwa Kikuyu, maana katika kila filamu ana sufuria au sinia mkononi. Tuna filamu zake kumi na moja. Katika zote anakufa. Mimi sijamwua tangu 1963, Kenol. Siku ile nilifuata karatasi, nikatangaza amekufa. Mama mmoja akasimama, akakaza leso kichwani, akasema, "Hata kwa pikcha?" Akaondoka. Hakupiga kelele. Kila mtu pale alikuwa amezika mtu wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, na wengine hata kaburi la kuonyesha hawana. Mimi mmoja wao. Dada yangu Gathoni sijui alilazwa wapi. Tangu hapo nilisema, kwenye kipaza sauti changu hafi mtu.

Jumatano, 7 Februari

Dawud amekuja mbio na gazeti la juzi. Alikuwa amefungiwa nyama ndani yake, pembeni lina damu. "Dada Kabura, angalia huyu."

Ni yeye, Opal Leong, kwenye picha! Nywele zina mvi, mashavu yameshuka, lakini macho ni yale yale, nimeyatazama miaka mitano kwenye shuka la sinema. Yuko Timau! Wanapiga filamu kwenye mashamba ya ngano. Na wanatafuta mtu wa kujua Kiingereza na Kiswahili, wa kuwaelekeza wanakijiji watakaoigiza.

Nimeandika barua. Nimeichana. Nimeandika nyingine. Nilifundisha darasa la nne miaka sita, sijui kwa nini barua moja inanishinda.

Jumanne, 13 Februari. Timau

Wamenichukua! Mlima uko karibu mpaka unasumbua shingo. Upepo, vumbi la ngano, Wazungu wekundu wanaokimbia na kamba za umeme.

Yeye ni mdogo. Kwenye shuka letu la sinema ana urefu wa mlango, hapa ananifika begani. Katika filamu hii ni nyanya mwenye duka. Ana sentensi mbili. Ya kwanza: chai iko tayari. Miaka arobaini ya kazi na bado ni Murugi wangu.

Nimemkuta nyuma ya hema akipiga pasi nguo yake mwenyewe. Hataki wale wasichana wa mavazi waiguse. Pasi ni ya makaa, kaazima kwa Cucu Waithira, nyanya anayetuuzia uji. Akaisogeza karibu na shavu kupima moto, kama mamangu alivyokuwa akifanya. Nikamwambia nina filamu zake kumi na moja. Akacheka. Yeye mwenyewe hana hata moja.

Sikumwambia zaidi. Nilisema mimi huwa natafsiri. Ni kweli, kiasi.

Ijumaa, 16 Februari

Leo mawingu yamekataa, hakuna kazi. Tumekaa kwenye viti vya turubai na ameniambia maisha yake. Naandika kabla hayajapoa.

Alizaliwa nyuma ya duka la dobi, San Fransisko. Baba anafua, mama anapiga pasi, watoto wanakunja. Akiwa na miaka kumi na minne alitoroka shule akaenda kusimama kwenye kundi la watu wa kupita njia katika filamu. Akaonekana. Wakampa sinia. Kila ilipokuja filamu yenye Mchina mkubwa, binti mfalme au mke wa mtu, akaletwa Mzungu, akabandikwa plasta za kuvuta macho. Yeye akaitwa amfundishe kushika kikombe! Na Mchina hakuruhusiwa kubusu Mzungu. Na mwanamume mkuu wa kila filamu ni Mzungu. Basi, alisema, kama siwezi kubusiwa siwezi kuolewa, na kama siwezi kuolewa hadithi haijui inifanyie nini. Inaniua. Baadaye miaka tisa hakuitwa kabisa, akauza kofia dukani. Hakusema kwa uchungu. Alikuwa akinyoosha mikunjo ya gauni magotini.

Mamake alikwenda sinema mara moja tu kumtazama. Akatoka kabla taa hazijawashwa, hakurudi tena maisha yake yote, na hawakulizungumza mpaka mama alipozikwa. Miss Leong anadhani mamake alimwonea aibu.

Nikamwuliza anaipenda filamu gani kuliko zote. Hakufikiri hata kidogo. Ile ya daktari. Alifanya mazoezi ya kile kifo majuma matatu mbele ya kioo. Alimsihi mkubwa wao asogeze kamera. Macho yanazimika kwanza, mkono unaanguka baadaye, na mkono ndio unaowaliza watu. Nusu dakika, bila neno. "Walinipa kufa tu," alisema. "Basi nikafa vizuri."

Mungu wangu. Ndiyo nusu dakika ambayo mimi naongea juu ya mbu.

Halafu akasema angependa kuwaona watu wetu wakilia. Je, gari letu linaweza kuja? Nikasikia mdomo wangu ukijibu ndiyo.

Jumatatu, 19 Februari

Dawud yuko Nyeri, nimempigia simu kutoka posta. Atakuja Jumamosi mchana, kwenye jumba la mikutano, tutaziba madirisha. Nikamwambia shida yangu.

"Si hajui Kiswahili? Mwambie wanaomboleza."

Nikamjibu ana masikio. Kicheko hakihitaji mkalimani.

"Basi muue, dada. Mara moja tu."

Rahisi kwake. Na Cucu Waithira je? Mwaka jana tulipoonyesha filamu hii hapa, alisimamisha sinema mpaka nimhakikishie kwamba Murugi hakupanda treni na njaa. Tangu nije hapa, kila siku akinimiminia uji anauliza kama Murugi ameandika barua. Macho yake hayafiki mbali. Hajui kwamba aliyeazima pasi yake ndiye huyo Murugi.

Nikimwua, namwumiza nyanya huyu na wote waliokaa naye. Nisipomwua, namnyang'anya Miss Leong kitu pekee alichokitengeneza mwenyewe, na mbele ya macho yake. Nampenda. Naweza kuandika hivyo hapa, hakuna anayesoma.

Alhamisi, 22 Februari

Nimejaribu kusema "amekufa" mbele ya kioo. Mara nne. Ya tano nikamwona Gathoni, nikaacha.

Jumamosi, 24 Februari

Saa nane. Jumba limejaa. Wamening'iniza mablanketi madirishani. Miss Leong amekuja na kofia pana, amekaa kando yangu karibu na mashine. Amevaa gauni la samawati, kalipiga pasi mwenyewe.

Baadaye. Rili ya pili imekwisha, Dawud anaweka ya tatu, madirisha yamefunuliwa watu wapumue. Sikutangaza sabuni. Naandika magotini, ni lazima niandike, la sivyo nitalia.

Murugi alipotokea na sinia, jumba zima lilipiga makofi. "Murugi! Murugi!" Miss Leong akanishika mkono kwa nguvu. Aliuliza nani huyo wanayemwita. Nikasema ni wewe. Hakuniachilia mpaka rili ikaisha.

Hapo nikashindwa. Nimemwambia yote. Dawa ya mafua, treni, mbu, filamu zote kumi na moja. Nilimwambia nimeiba nusu dakika yako miaka mitano. Nikamweleza habari za yule mama wa Kenol aliyesimama akaondoka.

Akauliza polepole: alikuwa na aibu?

Nikamwambia hapana. Alikuwa amechoka kuzika.

Akaivua kofia. Akaiweka magotini, akaitazama muda mrefu. Halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniuliza katika miji yote hii: huko stesheni, nani huja kunipokea?

Nikasema mamako. Sijawahi kuisema ile sehemu, lakini nilijua ni yeye.

Nikamwuliza niseme ipi sasa. Rili ya tatu ni yako, sema tu, nikuache ufe vizuri au nikupandishe treni? Akafungua mdomo ajibu.

Cucu Waithira ndiye amemkatiza. Amepenya kati ya viti na kikombe cha uji, alikuwa ananiletea mimi, koo langu. Akamwona. Alisogea mpaka uso kwa uso, akaweka kiganja shavuni pa Miss Leong, pale pale mwenyewe alipopimia moto wa pasi. Akasema:

"Kumbe ulifika nyumbani."

Halafu akamwekea kile kikombe mikononi. "Kunywa. Kwa treni hawakukupa kitu."

Miss Leong amekishika kwa mikono miwili. Hajanijibu bado; ananiuliza nyanya amesema nini. Dawud ameinua kidole, mashine iko tayari. Wanashusha mablanketi, limebaki dirisha moja, naandika kwa kukisia mistari. Ngoja kwanza nimwambie amesema —